Maswali ya Wasomaji: Nani Amekuuma kwa Kihungaria?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa udaktari nchini Hungaria. Masomo yetu huendeshwa kwa Kiingereza, lakini wagonjwa tunaowakuta wodini ni Wahungaria, na maelezo yao hatuna budi kuyapokea kwa lugha yao. Hivi karibuni nilitaka kumuuliza mzee mmoja aliyevimba mkono ni mdudu gani aliyemuuma, nikatumia kitenzi “harap”, kwa kuwa kamusi yangu ilinionyesha kwamba ndicho “bite” cha Kiingereza. Mzee alicheka mpaka akakohoa, kisha akanijibu kwamba nyigu wa kwao hawana meno. Muuguzi alinisahihisha akasema neno ni “csíp”. Siku iliyofuata, katika zoezi la darasani kuhusu mgonjwa aliyeumwa na nyoka, nikajidai mjuzi nikasema “csíp”, nikasahihishwa tena, safari hii kwa “mar”. Naomba kufafanuliwa nitajuaje kitenzi kipi ni cha mnyama yupi.
Mwanafunzi wa udaktari

JIBU: Mzee huyo hakukosea kucheka, ingawa wewe nawe hukukosa akili. Kosa ni la kamusi ndogo zinazoweka neno moja mbele ya neno moja kana kwamba lugha zote zimekata ulimwengu kwa kisu kimoja. Kiingereza husema “bite” kwa mbwa, nyoka, mbu, kiroboto na kupe, na Kiswahili chetu nacho ni karimu vivyo hivyo, kwa kuwa “kuuma” kwetu hutosha kwa mbwa, kwa nyuki, kwa kidonda na hata kwa tumbo. Kihungaria kwanza huuliza silaha: kilichokugusa kilikuwa ni safu mbili za meno zilizofumbana, jino lenye sumu, au ncha ndogo iliyokufinya?

“Harap” ni kazi ya meno yanayokutana. Mbwa hufanya hivyo, farasi hufanya hivyo, mtoto mchanga aliyeanza kuota meno hufanya hivyo, na mtu anayekula tofaa vilevile. Nomino yake ni “harapás”, yaani jeraha la kung'atwa au pande lililong'atwa. Ukipita mbele ya nyumba za Hungaria utaona vibao vya lango vilivyoandikwa “Vigyázat! Harapós kutya!”, maana yake jihadhari, kuna mbwa mwenye tabia ya kung'ata. Mjerumani huandika “Vorsicht, bissiger Hund”, naye amekutaja kung'ata waziwazi, ilhali kibao cha Mwingereza, “Beware of the dog”, humtaja mbwa tu na kumwachia mpita njia akisie yaliyosalia.

“Mar” ndicho kitenzi cha nyoka, na jeraha lake ni “kígyómarás”. Hapa msomaji wa Kiswahili ana msaada ambao Mwingereza hana, kwa sababu nasi tuna namna ya kusema kwamba nyoka “amemgonga” mtu, tukitofautisha tendo lake na la mbwa. Hungaria ina nyoka wachache wenye sumu, miongoni mwao pili mdogo wa nyika aitwaye “rákosi vipera”, anayelindwa na sheria kwa kuwa amebaki kwa uchache sana. Kwa hiyo neno hili huenda utalitumia zaidi darasani kuliko wodini. Hata hivyo usilisahau, kwa sababu “mar” ina kazi ya pili ambayo daktari hukutana nayo zaidi, nayo ni kula kwa kemikali. Asidi hu“mar” ngozi, dawa kali ya kuzibulia mabomba ni “maró” kitu, na magadi makali ya viwandani huitwa “marónátron”.

Inafaa tukae kidogo hapo, maana lugha tatu zimeitazama chupa ileile ya asidi na zote tatu zikaona mdomo, lakini si mdomo unaofanya jambo moja. Mhungaria anaona kinachouma. Mwingereza anasema “corrosive”, neno lililotoka Kilatini “rodere”, yaani kuguguna, ambalo ndilo pia lililozaa “rodent”, jina la jamii ya panya. Mjerumani anasema “ätzend”, na kitenzi “ätzen” kwa asili yake kilikuwa namna ya kutendesha ya “essen”, kula, kwa hiyo maana ya kale ilikuwa kulisha. Neno “etch” la Kiingereza, linalotumiwa na wachoraji wanaochora kwa asidi juu ya bamba la shaba, ni “ätzen” hilohilo lililopitia kwa Waholanzi.

Sasa “csíp”, lililokusaidia siku ya kwanza likakuangusha siku ya pili. Maana yake ya msingi ni kufinya, kama vile kwa ncha za vidole viwili. Mbu, kiroboto, chungu, kupe, nyuki na nyigu, wote katika Kihungaria hufinya: “szúnyogcsípés” ni la mbu, “méhcsípés” ni la nyuki, “kullancscsípés” ni la kupe. Angalia jinsi majirani wanavyogawanyika. Mwingereza husema mbu anang'ata lakini nyuki anachoma, naye hutumia “bite” kwa wa kwanza na “sting” kwa wa pili. Mjerumani humpa mbu mchomo, “Mückenstich”, sawasawa na nyuki, “Bienenstich”, kisha hubaki na ubishi juu ya kupe, ambaye watu wengi humwita mng'ataji, “Zeckenbiss”, na wengine wakashikilia kuwa ni mchomaji, “Zeckenstich”. Kihungaria hakina ubishi huo, kwa kuwa mdudu ni mdudu, na kila mdudu hufinya.

Kitenzi hichohicho hutumika kwa pilipili mdomoni, kwa moshi machoni na kwa baridi mashavuni. Chakula kikali ni “csípős”. Nakuonya hapa kwa ajili ya kazi yako: “csípő”, bila “s” mwishoni, ni nyonga, na mgonjwa anayelalamikia “csípő” hajala pilipili. Tena vijana wakisema “csípem”, wanafinya kwa mapenzi, maana yake ni kwamba kitu au mtu fulani amewapendeza.

Kuhusu kuuliza swali lenyewe, kumbuka kwamba tendo lililokwisha kutimia huvaa kiambishi cha mbele, na kwa vitenzi vyetu vitatu kiambishi hicho ni “meg”. Mbwa kwa tabia yake “harap”, lakini mbwa aliyekwisha kumng'ata mtu fulani “megharapta”, nyoka “megmarta”, na mbu “megcsípte”. Neno la kuuliza likitangulia, kiambishi hubanduka kikahamia nyuma ya kitenzi. Ukitaka kujua ni kitu gani kilichomuuma mgonjwa, na uvimbe unaonyesha mdudu, sema “Mi csípte meg?”, ukiona alama za meno, sema “Mi harapta meg?”. Matamshi yake si magumu kwa mdomo wa Mswahili: “cs” ni “ch” yetu, “s” pekee ni “sh”, “sz” ndiyo “s”, na “ny” ni ileile ya “nyoka”. Kinachowashinda wengi wetu ni mkazo, kwa sababu sisi huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, nao huuweka kwenye silabi ya kwanza daima, hata neno liwe refu namna gani.

SWALI: Nimeona kwamba “bite” ya Kiingereza na “beißen” ya Kijerumani zinafanana, na “mar” ya Kihungaria inafanana na “mordere” ya Kilatini. Je, lugha hizi zote ni za ukoo mmoja?
Msomaji wa siku nyingi

JIBU: Mfanano wa kwanza ni wa damu, wa pili haututoshi kudai udugu. Kiingereza na Kijerumani ni lugha za Kigermaniki, na “bite” na “beißen” ni neno moja lililokuzwa katika nyumba mbili. Katika karne za mwanzo za Enzi za Kati, Wajerumani wa kusini walibadili “t” iliyofuata irabu ikawa sauti ya “s”, na waliokwisha kuhamia Uingereza hawakuguswa na badiliko hilo. Ndiyo maana “water” ni “Wasser”, “eat” ni “essen”, “foot” ni “Fuß”, na “bite” ni “beißen”. Mfanano unaojirudia kwa kanuni katika maneno mengi namna hii ndio ushahidi ambao wanaisimu huukubali.

Na neno hilo limezaa watoto ambao wengi hawajui mama yao. Mwingereza akisema “a bit”, na Mjerumani akisema “ein bisschen”, kila mmoja amesema “mng'ato mdogo”, ingawa hakuna anayefikiria meno. Ladha chungu, “bitter” katika lugha zote mbili, ni ladha inayouma. Mdudu ambaye Waingereza humwita “beetle” (nasi humwita mbawakawa) jina lake la kale lilimaanisha mng'ataji. Kijerumani kina pia “Imbiss”, chakula cha haraka kinacholiwa kwa kusimama, na “Biss” inaonekana wazi ndani yake.

Kihungaria ni cha familia ya Kiurali, pamoja na Kifini na Kiestonia, wala si cha familia ya Kihindi-Kiulaya iliyovizaa Kilatini, Kiingereza na Kijerumani. Herufi mbili zinazofanana mwanzoni mwa maneno mafupi hupatikana kati ya lugha zozote mbili ukizitafuta kwa uvumilivu. Kilatini “mordere”, kwa upande wake, kiliwapa Waingereza “morsel”, tonge, na “remorse”, majuto, ambayo kwa asili yake ni kung'atwa tena na jambo lililokwisha kupita. Wajerumani nao huita majuto “Gewissensbisse”, ming'ato ya dhamiri.

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafasiri kwa Kiswahili hadithi ya watoto iliyoandikwa kwa Kijerumani, na pembeni nimeweka tafsiri yake ya Kihungaria pamoja na ya Kiingereza ili zinisaidie. Kijerumani kinatumia “knabbern” mara nyingi, Kiingereza kinafuata kwa “nibble” kila mara, lakini mfasiri wa Kihungaria ameandika “rágcsál” kwa panya, “majszol” kwa mtoto mwenye andazi, na “csipeget” kwa msichana anayekula zabibu. Je, alikuwa anakwepa kurudia neno, au kuna sababu? Nami nimfuate yupi?
Mfasiri

JIBU: Kuna sababu, na kwa maoni yangu huyo Mhungaria ndiye mwalimu wako bora kati ya hao watatu, kwa kuwa tatizo lake linafanana na letu kuliko la Mwingereza.

Kihungaria hulijenga tendo dogo la kurudiarudia kwa kulichukua tendo kubwa na kulipachika mkia. “Rág” ni kutafuna au kuguguna. Liongezee “csál” upate “rágcsál”, kuguguna kidogokidogo bila haraka. “Harap” likipata mkia huwa “harapdál”, na hili husemwa hasa juu ya mtu mwenye wasiwasi anayejing'atang'ata midomo. “Mar” huwa “mardos”, na limepanda daraja, kwa sababu siku hizi kinacho“mardos” ni njaa, wivu au dhamiri. “Csíp” huwa “csipked”, kufinyafinya, na pia “csipeget”, ambalo ndilo la ndege anayedonoa punje moja baada ya nyingine. Mswahili hahitaji kufafanuliwa sana jambo hili, maana sisi tunafanya kazi hiyohiyo kwa kulirudia shina: kung'ata kukawa kung'atang'ata, kudonoa kukawa kudonoadonoa. Kijerumani na Kiingereza zina mabaki ya mbinu ya namna hiyo katika “-ern” ya “knabbern” na “-le” ya “nibble”, lakini mashine hiyo imekwisha kupoa. Mwingereza wa leo hawezi kuchukua “bite” akaitengenezea kitenzi kipya cha kurudiarudia na akaeleweka.

Kwa hiyo “csipeget” ya msichana haikuwekwa kwa ajili ya kupamba. Anayekula zabibu huchuma moja kwa ncha za vidole, akaitia mdomoni, akarudi kuchukua nyingine, na mkono wake unafanya kama mdomo wa ndege. Kwa Kiswahili adonoe. Panya wa hadithi aachwe agugune, kwa sababu meno yake ya mbele ndiyo yanayosikika. Hapa majina ya kisayansi yanakubaliana kwa namna ya kupendeza: Kihungaria huwaita wanyama wa jamii ya panya “rágcsálók”, Kijerumani “Nagetiere” kutokana na “nagen”, kuguguna, Kilatini “Rodentia”, nasi tunawaita wagugunaji. Lugha nne, na zote zimemtambua panya kwa tendo lilelile.

“Majszol” ndilo litakalokusumbua. Ni kula polepole, kwa vipande vidogo, mara nyingi kitu kikavu kama mkate au keki, huku mlaji akiwa ametulia na mawazo yake yako mbali. Mtoto aliyekaa kwenye ngazi na kipande chake, asiye na shughuli nyingine duniani, ndiye mfano wake. Wengine wangependekeza “kumumunya”, lakini kumumunya ni kwa kitu kinachoyeyuka mdomoni bila kutafunwa, na andazi haliyeyuki. Mimi ningeandika kwamba alikuwa akilimega andazi kidogokidogo na kulitafuna taratibu. Ni maneno mengi badala ya moja, nami nakiri hilo, lakini mtoto atakayesomewa atamwona mwenzake pale kwenye ngazi.

Kwa kuwa huenda utayakuta mbele, nikutajie mengine machache. “Ropogtat” ni kutafuna kitu kinacholia, na pia ni kuvunja vidole vikalia. “Csócsál” ni kutafuna kwa muda mrefu bila mafanikio, kama mzee asiye na meno, na si neno la heshima. “Rágja a körmét” ni kula kucha: Mwingereza anaziuma, “bite”, Mjerumani anazitafuna, “kauen”, na Mhungaria anaziguguna, ambaye kwa kweli ndiye aliyeangalia vizuri. Nguo iliyoharibiwa na nondo ni “molyrágta”, iliyogugunwa na nondo, wakati Mwingereza anasema imeliwa.

Halafu kuna “nassol”, itamkwayo karibu na “nashshol”, yaani kula vitu vitamu kati ya mlo na mlo, mara nyingi kwa kujificha kidogo. Hili si la Kihungaria cha asili, ni “naschen” ya Kijerumani, nalo ni mojawapo ya maneno mengi ya Kijerumani yaliyoingia katika lugha ya Wahungaria, walioishi kwa karne kadhaa chini ya wafalme wa ukoo wa Habsburg hadi 1918. Ndugu yake alipita njia nyingine: Wayahudi wazungumzaji wa Kiyidishi walilichukua neno hilohilo, nalo likaingia katika Kiingereza kama “nosh”. Ukikuta “naschen” katika hadithi yako, usiandike “kula” peke yake, kwa sababu anayefanya hivyo anajua kwamba mama yake hajui.

SWALI: Katika habari ya Kihungaria nilisoma kwamba jambazi mmoja “fűbe harapott”. Kamusi inasema aling'ata majani. Je, alichanganyikiwa?
Mwanafunzi wa lugha

JIBU: Alikufa. “Fűbe harap”, kung'ata majani, ni namna ya mtaani ya kutaja kifo, na Wajerumani wanayo neno kwa neno, “ins Gras beißen”, huku Waingereza wakimng'atisha marehemu vumbi, “bite the dust”. Picha ni moja: mtu aliyeanguka kifudifudi, mdomo umegusa ardhi. Usiitumie msibani.

Si kila mara lugha hizi tatu hukubaliana hivyo. Chumbani kukiwa na moshi mzito, Mhungaria husema moshi unang'atika, “harapni lehet a füstöt”, wakati Mwingereza na Mjerumani wangetaka kisu cha kuukata. Mtu mgumu wa kusema, ambaye Mwingereza humfananisha na kazi ya kung'oa meno na Mjerumani humvuta maneno puani, kwa Mhungaria maneno yake hutolewa kwa “harapófogó”, yaani koleo, chombo ambacho jina lake limetokana na kung'ata. Mkali wa maneno humng'ata kichwa mwenzake, “leharapja a fejét”, na Mwingereza anasema vivyo hivyo, ila Mjerumani humnyofoa kwa mikono.

Jihadhari na jambo moja zaidi, kwa kuwa wanafunzi wengi huangukia hapo. “Falat” ni tonge, na “bekap egy falatot” ni kula kitu kidogo haraka, maneno safi kabisa. Lakini kitenzi hicho “bekap” kikitumiwa kwa namna ya kuamuru, “kapd be”, ni tusi zito, na hutalielezea kwa mwenyeji wako kwamba ulitaka tu kumkaribisha chakula. Mkaribishe kwa “egyél”, ule, au “egyen” kwa mtu wa heshima.

Na ukisikia “kutyaharapást szőrével”, jeraha la mbwa kwa manyoya yake, anayesema ameamka na kichwa kizito baada ya ulevi wa jana, naye anatafuta glasi nyingine ya kumtibu. Usemi huo umetokana na imani ya zamani kwamba manyoya ya mbwa aliyekuuma ndiyo dawa ya jeraha, na Waingereza wanao pia, “hair of the dog”. Wajerumani wamemwondoa mbwa wakabaki na bia, “Konterbier”. Mwanafunzi wetu wa udaktari aliyeandika hapo juu, akiletewa mgonjwa mwenye “kutyaharapás” halisi, aulize mapema juu ya “veszettség”, kichaa cha mbwa, na juu ya chanjo.